Ukurasa wa Keep

Daftari langu la Kiingereza lina ukurasa mmoja nilioujaza mpaka pembeni, hadi ng'ambo ya ule mstari mwekundu ambao mwalimu alikuwa anatukataza kuuvuka. Juu nimeandika neno moja, keep. Chini yake ni maana zake, moja baada ya nyingine, nyingine kwa kalamu ya bluu, nyingine kwa nyeusi, kwa sababu sikuziandika siku moja. Kurasa nyingine zote za daftari hilo nimezisahau. Huo mmoja naujua kama Baba Yetu.

Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja. Darasa la saba nilimaliza, ila Kiingereza cha shule yetu kilikuwa cha kumwitikia mwalimu asubuhi, basi, mkikaa mmemaliza. Sasa mimi nafanya biashara Murongo, mpakani. Napeleka maharage ng'ambo ya mto, narudi na vyombo vya plastiki. Fomu za pale nyingi ni za Kiingereza. Miaka yote nilikuwa namwomba mtu anijazie, na kila aliyenijazia aliguna kidogo kwanza. Mguno ule ndio ulionipeleka darasani.

Tulisoma kwenye chumba cha kigango chetu cha Kikatoliki, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapozama. Mwalimu wetu alikuwa mstaafu, mzaliwa wa Muleba. Yeye ni Mluteri, lakini katekista wetu alimpa ufunguo bila maneno. Mzee huyu alikuwa na njia yake. Alisema watu wazima kama sisi hana muda wa kutuchosha na sarufi. Kila juma neno moja. Analitaja Jumatatu, tunalibeba, tunakwenda nalo sokoni, darajani, forodhani, tunalisikiliza linavyosemwa na watu. Ijumaa kila mmoja anarudi na alichookota. Alituambia tulikanyage neno kama ndizi za rubisi, ile pombe yetu, maji yake yote yatoke, yabaki makapi na nyasi.

Juma la keep alituambia maana yake ni kuweka, au kutunza. Halafu akacheka. Akasema mkidhani mmemaliza, hata ndizi hamjazimenya.

Na kweli. Jumanne nilimsikia ofisa wa forodha akimwambia mama mmoja aitunze risiti yake asiitupe, nikaandika. Darajani kuna kibao kinachoyaambia magari yashike upande wa kushoto, miaka kumi napita chini yake, siku hiyo ndiyo nilikisoma. Dereva wa lori kutoka Uganda alimnyamazisha mpagazi wake, na neno likawa lile lile, keep, akaongeza la kunyamaza. Mwanafunzi mwenzetu anayefuga kuku aliambiwa na jirani yake wa ng'ambo kwamba kufuga nako ni keep. Kutimiza ahadi ni keep. Kuendelea na safari usisimame ni keep. Ukichelewa, mtu akataka kujua nini kilikuweka huko, ni hilo hilo. Na maziwa yasiyokaa, yale yanayoganda kabla ya jioni, wanasema hayawezi ku-keep.

Ijumaa ubao ulijaa. Mwalimu akaanza kuandika pembeni maneno mengine ya Kiingereza, hold, save, store, guard, raise, akasema hawa ni ndugu zake. Lakini akatuonya kwamba ndugu si pacha. Mmoja ukimtuma kwenye kazi ya mwenzake atakwenda, ila watu wataona si yeye.

Basi akatuambia sasa kila mtu aandike sentensi yake, ya maisha yake mwenyewe, siyo ya kuku wa jirani. Niliandika haraka, sikufikiria hata kidogo. Niliandika kwa Kiingereza kwamba mama mkwe wangu ndiye anayemtunza binti yangu. Mwalimu akapita, akasoma, akanitia tiki nyekundu. Akasema safi sana, haina kosa. Halafu kama mwalimu akataka niongeze kidogo. Tangu lini?

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Nikamwambia miaka kumi na miwili.

"Basi malizia," akasema. "Kwa miaka kumi na miwili."

Nilikuwa nimekaa na mama mmoja muuza samaki, rafiki yangu mpaka leo, mtu asiyejua kufunga mdomo. Akachungulia daftari langu, akasema kwa sauti ya darasa zima, "Mama, hiyo siyo keep tena. Hiyo umeshagawa."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Nikamalizia sentensi kama nilivyoambiwa, na mwalimu akatia tiki ya pili.

Naomba nieleze ilivyokuwa. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka minne nilipojifungua wa pili, na uzazi ule ulinitupa chini. Sikuweza kunyanyua hata ndoo. Mama mkwe alikuja kutoka Kiruruma, akanikanda, akanipikia uji wa ulezi majuma matatu. Alipoondoka alimbeba binti mgongoni. Alisema atakaa naye mpaka nipate nguvu. Kwetu hilo si jambo la ajabu, wajukuu wengi wamelelewa kwa bibi zao. Nilishukuru. Nilimfungia nguo zake kwenye kanga, nikaweka na rozari ndogo ya plastiki.

Nguvu nilipata. Lakini ndipo nilipoanza biashara, nikasema nisimame kwanza. Halafu mtoto wa tatu. Halafu binti akaanza shule kule, nikasema nisimkatize. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli, hakuna niliyoidanganya. Miaka ya kwanza mama mkwe alikuwa anauliza, unakuja lini kumchukua mwanao? Baadaye akaacha kuuliza. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba ameacha.

Nilikwenda Pasaka na Krismasi, pengine na kwenye msiba. Binti alikuwa ananiita mama wa Murongo. Bibi yake alimwita mama, bila wa mahali popote.

Jumamosi ile baada ya darasa sikwenda sokoni. Nilisali, nikamwambia mume wangu nakwenda kumchukua mtoto. Yeye ni fundi pikipiki, alikuwa ameshika spana. Akasema, "Mtoto gani? Yule ni msichana mkubwa sasa, amemaliza kidato cha nne." Nikamjibu ni mtoto wangu hata akiwa na mvi. Nilifunga sukari, sabuni na kitenge kipya cha mama mkwe kwenye begi. Nilivaa viatu vya kanisani. Nikapanda gari la asubuhi mpaka Omurushaka, na kutoka pale pikipiki.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni dogo, mtu wa mbali hawezi hata kuliona. Kwetu mtu wa nyumbani anapita nyuma. Hasa mkamwana. Unazunguka nyumba, unaingia jikoni, unavua viatu, unachukua kisu unamenya ndizi na wenzako, salamu zinakuja huku mikono inafanya kazi. Mimi siku ile nilikuwa na begi zito, viatu vyangu sikutaka vichafuke kwenye matope ya kibanjani, kwenye migomba, na mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nikaingia. Nikakaa kitini.

Binti yangu akatokea jikoni. Alikuwa amenipita urefu. Akapiga magoti, "Shikamoo, mama wa Murongo," nikaitikia, akachukua begi langu akalipeleka ndani. Nikamsikia anafungua kitu huko nyuma. Aliporudi alikuwa ameshika akaibo kwa mikono miwili, kile kikapu kidogo chenye mfuniko, kimesukwa kwa rangi mbili. Akapiga magoti tena, akafunua, akaninyooshea.

Ndani yake kulikuwa na kahawa ya kutafuna. Wenyeji wa Karagwe wanajua. Zile punje zilizovunwa mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza anachopewa mgeni, hata kabla ya kuulizwa habari za alikotoka. Mgeni. Mtu wa nyumbani hapelekewi. Mtu wa nyumbani akiitaka anajichotea.

Nilikiangalia kile kikapu. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, mweusi kwenye kucha, kama mikono ya mama mkwe. Kukataa kahawa kwetu ni kama kumtemea mwenye nyumba. Nikachukua punje tatu, nikatia mdomoni. Nikamshukuru kama mgeni anavyoshukuru.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Omurushaka. Niliyasema baada ya chakula, sote watatu tumekaa, mimi kitini, wao kwenye mkeka. Nikasema kidato cha nne kimeisha, kule kwetu kuna chumba chako, wadogo zako wanakuuliza kila siku, Murongo kuna shughuli, utajifunza biashara wakati tunatafuta chuo. Nikasema nimekuja tuondoke wote. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kwa adabu ambayo si mimi niliyemfundisha.

"Asante sana," akasema. "Lakini kahawa imeiva shambani, na mama nitamwacha na nani?"

Mama aliyemsema alikuwa amekaa pembeni yake anatafuna taratibu, macho yake mlangoni.

Sikubishana. Ningebishana na nini? Nilikunywa chai. Ilipofika saa tisa binti alinisindikiza mpaka kwenye miti ya mipaka, akaniambia salamu nyumbani, na karibu tena. Karibu tena, mama wa Murongo. Mama mkwe akaendelea na mimi mpaka barabarani, kwa fimbo yake, polepole. Tulizungumza Kinyambo, na hapa nimeyageuza kwa Kiswahili kama yalivyokuwa.

"Usimkasirikie," alisema. "Amefanya nilivyomfundisha. Mtu akiingia kwa mlango wa mbele na begi, mpe kahawa."

Nikamwambia sikasiriki.

"Na wewe ungekataa. Ungemwambia, mwanangu, mimi si mgeni, lete kisu. Angeshtuka, lakini angeleta kisu. Sasa umetafuna."

Nikamuuliza kwa nini hakunisaidia, kwa nini alikaa kimya pale mkekani. Akasimama kupumzika. Akasema alinisaidia miaka mingi kwa kuniuliza nakuja lini, na kwamba kuuliza nako kunachosha.

Pikipiki ilipokuja nilipanda, sikugeuka nyuma.

Tangu hapo niliweka nadhiri, na nadhiri mimi siivunji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikwenda Kiruruma. Mvua ikinyesha nilikwenda. Sokoni walinitania, wakasema nimepata bwana huko Karagwe. Nilizunguka nyumba, nikaingia nyuma, nikavua viatu. Mara ya kwanza nilichukua kisu, binti akakitoa mkononi mwangu taratibu. "Acha, mama wa Murongo, utomvu hautoki kwenye kitenge hicho." Mara ya pili nilivaa nguo ya kazi. Akaniachia ndizi nne, nikamenya nne, yeye akamenya mkungu mzima. Na tulipomaliza alinawa mikono, akaenda akaleta kikapu.

Safari moja nilikataa. Nikasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba mimi si mgeni hapa. Binti alibaki amepiga magoti na kikapu wazi, hajui akifunike au afanyeje, na nikaona aibu imempanda usoni kwa ajili yangu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Chukua, mwanangu. Usimtese mtoto." Nikachukua.

Nilipeleka jambo hili kwenye kitubio pia, ila nilichelewa. Miaka yote nilikuwa naungama hasira, usengenyaji, uvivu wa sala ya asubuhi. Hili sikuwahi kulitaja kwa sababu sikujua naliitaje. Sikumtupa mtoto. Alikula, alivaa, alisoma, alibatizwa na kupata kipaimara, na ada nilituma mimi. Nilifungua ule ukurasa wa daftari, nikapitia maneno ya mwalimu, wale ndugu wote wa keep, kuona ni lipi langu. Kuhifadhi alihifadhi mama mkwe. Kulea alilea yeye. Kukaa naye alikaa yeye. Mimi nilikuwa nimeshika nini? Padri alinisikiliza, akanipa malipizi madogo, madogo kuliko nilivyotaka.

Masomo ya jioni niliyamaliza. Fomu zangu sasa najaza mwenyewe, na wengine wananiomba niwajazie. Nawajazia bila kuguna.

Mama mkwe alifariki mwaka wa pili wa safari zangu, wakati wa mavuno ya kahawa. Alikufa usingizini, binti yangu ndiye aliyemkuta asubuhi alipompelekea maji ya kunawa. Nilifika siku hiyo hiyo. Niliingia kwa nyuma. Nilikuta binti ameshatuma watu kwa wanajumuiya, ameshatandaza nyasi sebuleni, ameshachagua sehemu ya kaburi kibanjani na wazee wa ukoo wakakubali. Na umri wake miaka kumi na minane tu. Wazee walikuwa wanamuuliza yeye: mkeka mpya uko wapi, jembe liko wapi, shuka gani avishwe bibi. Mume wangu ndiye mtoto wa marehemu, lakini naye alikuwa anamuuliza binti.

Nilitaka kumkumbatia. Nilimkuta jikoni, nikamshika mabega, akaniegemea kidogo, kidogo tu, kisha akasema maharage yataungua.

Siku ya pili baada ya mazishi walikuja waombolezaji kutoka Rugera, wanawake kama kumi na wawili, wamefunga kanga viunoni, wanaimba wimbo wa Bikira Maria tangu barabarani. Jikoni kulikuwa na moshi na vyungu vitatu motoni. Mimi nilikuwa namenya ndizi, na safari hii hakuna aliyenipokonya kisu. Binti alikuwa anafunika chungu kwa majani ya mgomba. Akawasikia wageni. Akavuta kile kikapu kutoka nyuma yake, kikiwa kitupu, akakiweka mapajani mwangu.

"Mama, wapelekee wageni kahawa."

Hakusema wa Murongo. Nimelifikiria sana hilo. Inawezekana alifupisha kwa sababu ya haraka, chungu kilikuwa kinachemka na wageni wanaingia. Sijawahi kumuuliza.

Nilisimama, kikapu mkononi. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikatazama rafu ya vyombo, nikafunua debe moja likawa na chumvi. Niliolewa katika nyumba hiyo. Nilikuwa nimetafuna kahawa ya nyumba hiyo kila mwezi kwa karibu miaka miwili, na sikuwahi kuona inatoka wapi, kwa sababu mgeni haoni.

Ikabidi niulize. "Mnaiweka wapi?"

Binti aliinua kichwa kwenye moshi.

"Pale pale inapowekwa siku zote," akasema. Hakusema kwa ubaya. Aliona bado nimesimama, akafuta mikono kwenye kanga, akapita mbele yangu, akanyoosha mkono juu ya dari la kuni, nyuma ya mafiga ya zamani, akashusha chungu kidogo cheusi kilichofungwa kwa jani kavu. Akalifungua. Akajaza kikapu mwenyewe, akatikisa punje zikae sawa, kisha akanirudishia. Akarudi kwenye chungu chake.

Nikapeleka. Nilipiga magoti mbele ya kila mmoja, kwenye zile nyasi, nikafunua mfuniko. Walichukua, wakashukuru, wakatafuna. Wa mwisho alikuwa mama mzee, ameketi karibu na mlango wa mbele. Alichukua punje mbili, akaniangalia usoni kwa wema, kama mtu anayetaka kumfahamu aliyemkirimu.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Na wewe umetoka wapi?"

Ningeweza kumwambia mimi ni mkamwana wa nyumba hii, mama wa yule msichana aliyeko jikoni. Maneno yote mawili ni ya kweli. Nilikuwa nimepiga magoti, kikapu kiko wazi, na kutoka jikoni nilisikia binti yangu akimwelekeza mtu mahali vinapokaa vikombe.

Nikamwambia nimetoka Murongo.